Verlon Stegall na Mkia Mweupe wa Mwisho

Ni mwaka mmoja sasa, Verlon, tangu ulipokiacha wazi kiti cha mbele cha mashua yako. Ndugu yako Hoyt bado anakaa kile cha nyuma, kana kwamba umekwenda kununua barafu tu.

Hapa Bwawa la Tansill, Alabama, hakuna mvuvi wa besi, samaki wetu wa mdomo mpana, aliyekuomba chambo ukamnyima. Kanisani ulikuwa wa kwanza kufungua milango na wa kwanza kusinzia. Chai yako baridi ilikuwa sukari tupu, na daktari ukamwambia unakunywa maji.

Lakini zaidi tunakukumbuka kwa ile mikia ya plastiki laini ya kunogesha chambo. Uliyeyusha plastiki, ukaimimina mwenyewe katika kalibu kibandani, kisha ukaivisha mikia kwenye ndoana ya chambo cha bandia chenye visahani vya chuma vinavyozunguka majini, nyuma ya sketi yake ya nyuzi. Mkeo Nelda alisema chambo chako kinavaa vizuri kuliko yeye. Nawe hukuchoka kumweleza: maji yakiwa matope, mkia mnene wenye kuyapiga maji, samaki ausikie kabla hajauona; yakiwa maangavu, mwembamba uliopasuka katikati, rangi ya vidagaa vya bwawani; baridi ikikaza, mfupi, na uvute polepole. Hoyt alitaka mkia wa njano kila siku ya Mungu. Mlibishana miaka thelathini na moja na hakuna aliyehama.

Sasa sikia tulichokufanyia. Baada ya mazishi, Nelda alitaka kukutunzia vitu vyako. Akaitoa mikia yote mifukoni, akaipanga kwa rangi katika sanduku moja, safi kama kabati la sahani. Ulishamwonya kwamba haichanganywi, kila mmoja na mfuko wake, isije ikayeyushana, ila yeye alidhani ni ubishi wako tu. Joto la Agosti likaingia kibandani. Mwezi huu binti yako Tawnya alipolifungua sanduku, siku moja kabla ya mashindano ya uvuvi ya kanisa, alikuta bonge moja la rangi zote, limegandana na sanduku lenyewe.

Hoyt alilipindua juu chini.

"Shemeji," akasema, "hapa umetuokea keki."

Nelda hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akasema ile ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yako, na yeye ameiharibu kwa usafi.

Ndipo Tawnya akaikumbuka fimbo yako ya kuvulia, ile ya kona ya baraza ambayo hakuna aliyeigusa tangu ulipoisimamisha pale. Chambo kilikuwa bado kinaning'inia, na nyuma yake mkia mmoja mweupe, mnene, uliouvisha wewe. Hoyt akasema usitupwe majini kabisa. Bwawa lina visiki, utakatika upotee. Bora uwekwe kwenye fremu kando ya picha yako. Tawnya, aliyetaka kuvua nao, akamgeukia mama yake.

"Baba yako hakumimina plastiki ya kutundika ukutani," Nelda akasema. "Mvua imenyesha, maji ni matope, na huo ndio mkia wake. Mtautupa majini. Na mimi nakuja, niishike fimbo mwenyewe."

Miaka arobaini na minne ya ndoa, Verlon, hakuwahi kupanda mashua yako. Siku ya mashindano alikaa kiti chako. Hoyt alimhimiza avute haraka. Yeye akavuta kama anayesuka nywele za mtoto. Mara mbili alinasa kisiki, na mara mbili Hoyt akashusha kofia usoni asione. Kisha fimbo ikapinda. Besi wa ratili tano na kitu, mdomo kama bakuli. Wakampima akiwa hai, wakamrudisha majini kama ilivyo desturi. Tulikuwa wa nne. Mkia ulirudi nusu. Nusu nyingine aliondoka nayo yule samaki.

Jumatatu Nelda aliliyeyusha upya lile bonge, akalimimina katika kalibu zako. Mikia imetoka rangi ya maharage. Hoyt anasema hakuna samaki mwenye akili zake atakayeigusa. Amechukua sita. Kila mmoja una mfuko wake.

Unakumbukwa na mkeo Nelda, binti yako Tawnya na mumewe Dwight, wajukuu zako Kaylin na Brody, ndugu yako Hoyt, ambaye bado anashikilia mkia wa njano, na wavuvi wote wa kanisani.

Maji yawe matope au maangavu, Verlon, daima tutakukumbuka.