Nyeupe ya Yangeyange

Baba Limbu,

Ugali nimeufunika, mlenda uko kwenye chungu. Ndama hajanywa maji. Limbu akitoka shule afue shati lake.

Asubuhi nimefungua rangi zangu, nikakuta kichupa cha nyeupe kitupu. Limbu akasema umeiandikia jina lako kwenye magunia ya pamba, ili hawa wanunuzi wapya, kila mmoja na lori lake, wasiyachanganye. Mkaa si ulikuwepo? Hata kuniuliza hukuniuliza.

Leo kila mama wa darasa la uchoraji anampelekea Sista picha ya ndege wake wa kwanza. Miezi miwili najifunza. Ng'ombe nilishampaka kwenye kipande cha boksi, na majani pia. Yangeyange, ndege mweupe wa mgongoni mwake, nilimwacha mwisho, maana Sista anasema rangi hizi za akriliki hukauka upesi, sisi tunaoanza tuweke nyeupe mwishoni. Sasa mgongoni pa ng'ombe pamebaki boksi tupu la kahawia lenye umbo la ndege. Nimejaribu unga wa muhogo na maji. Umekauka, ukabanduka wote.

Nakwenda parokiani kurudisha brashi. Darasani sirudi tena.

Ukimtaka yangeyange wangu, umeondoka naye kwenye lori alfajiri. Amekuwa jina lako. Ng'ombe wana alama yako, magunia yana jina lako, mtoto ana jina la baba yako. Changu kilikuwa kile kichupa tu.

Picha ~~usiiguse~~ washia moto. Kwenye kona nimeandika Milembe. Ndiyo mimi, kama ulisahau.

Mama Limbu