Kompyuta Yako Haijaharibika, Baba

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, mtoto kalala usingizi wa mchana, kwa hiyo nitaandika haraka kabla hajanidai. Mimi mzima. Natumaini mguu wako umetulia na dawa unameza bila kugombezwa. Mkeo mdogo hajambo. Ameanza kusimama kwa kushika meza, halafu anaachia makusudi na kututazama kama anayesubiri makofi. Baba yake anasema maringo hayo mjukuu kayarithi kwako. Sikubisha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini Baba, wewe ukipokea simu unaweka spika, na uani kote wanachangia. Juzi nilipokuuliza habari za mguu, kuna mama nisiyemjua alinijibu kwa niaba yako. Siku hiyo hiyo ulinilalamikia kompyuta, kwamba asubuhi ukiiwasha haikuoneshi tena unachopenda kukitazama ukinywa chai, na kwamba fundi keshaifungua na sasa anasingizia betri. Nilisema nitauliza. Sikuwa na haja ya kuuliza, Baba, ila jibu lenyewe halikuwa la kupita uani.

Unajua nilikuwa bado kwenye majaribio hapa kwenye mitambo ya maji, na shule yangu unaijua ilikoishia. Sasa, watengenezaji wa programu inayoendesha pampu zetu walituletea onyo. Ndani ya programu kuna tundu. Mtu mbaya akilijua anaweza kuingia akiwa mbali, akazima pampu au akazidisha dawa ya kusafishia maji, huku skrini zetu zikionesha kila kitu shwari. Wenzangu waliwaza mji. Mimi, nisikufiche, niliwaza chupa ya mtoto, maana maji ninayomchanganyia maziwa ni haya haya.

Tukaletewa kiraka, yaani kiprogramu cha kuzibia tundu hilo, pamoja na mtaalamu wa kutuongoza. Tunamwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja machoni na moja kichwani, na bado anauliza ziko wapi. Miwani akasema kiraka peke yake hakitoshi. Kila njia ya kuingilia kutoka nje ifuatwe mpaka mwisho, iulizwe inakwenda wapi na nani anaihitaji, na isiyo na mwenyewe ifungwe. Bosi wetu, yule mama tunayemwita Valvu kwa kuwa akishafunga neno halifunguki, akanipa mimi kazi ya kufuata nyaya. Wenzangu wakanicheka eti mwenye mtoto anayetambaa ndiye anayefaa kutambaa chini ya meza. Nikawaambia ni kweli, tena mwenye mtoto anayetambaa anajua kila tundu linaloweza kuingia kidole.

Kiraka hatukukibandika hivi hivi. Tuna kompyuta moja pembeni ambayo haijaunganishwa na chochote, tunaiita Bubu. Chochote kinacholetwa kutoka nje hupita kwa Bubu kwanza, kama vile mtu anavyonawa mikono kabla ya kumbeba mtoto mchanga. Fundi umeme mmoja alitaka kuchomeka flashi yake kwenye kompyuta ya pampu, na humo kajaza picha za harusi ya dada yake. Nikamrudisha kwa Bubu. Akanuna, akasema nina roho mbaya. Nikamwambia bibi harusi kapendeza sana, ila pampu hazikualikwa.

Basi, nyuma ya lile kabati kuukuu la chuma nikakuta waya umejaa utando wa buibui, lakini mwisho wake kijitaa kinawaka. Ulikuwa unakwenda nje moja kwa moja. Miwani akaufuatilia kwenye mashine, akasema kuna mtu huingia kupitia hapo kila asubuhi.  Valvu akaanza kutafuta simu yake, akisema jambo hili ni la polisi.

Miwani akazidi kuchimba mpaka akalipata neno la siri. Akalisoma kwa sauti huku akicheka, kwamba ni fupi mno, hata mtoto angelikisia. Neno lenyewe ni Tone. Akauliza huyo Tone ni mchumba wa nani humu ndani. Watu wakavunjika mbavu.

Mimi nikauweka waya chini. Baba, duniani kuna mtu mmoja tu anayeniita Tone.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuona mlangoni kwako na fimbo yako, polisi wanakuuliza maswali, na uani kote wanawajibia. Nikasema Tone ni mimi. Nikasema mlango huu ni wa baba yangu, aliyekuwa msimamizi wa pampu hizi, akawekewa njia hii alipovunjika mguu ili ayaangalie matangi akiwa kitandani. Alipostaafu hakuna aliyeifunga, kwa kuwa hakuna aliyemwona kama mtu wa nje. Niliyasema hayo nikijua kwamba kazi huenda ndiyo inaondoka.

Valvu akairudisha simu mfukoni, akakaa. Akasema ni yeye mwenyewe aliyeomba uwekewe njia hiyo, kwa hiyo wa kuulizwa ni ofisi, si mzee wa watu. Miwani akaendelea kupitia ulichokuwa ukifanya humo. Akasema ulikuwa unatazama tu, unatazama na kutoka. Umegusa mara moja. Ni siku ile pampu ya chini ilipokuwa ikizunguka bila maji, ikazimika kabla haijaungua, nasi tukaisifia mashine kuwa ina akili. Kumbe ni wewe! Yule fundi wa harusi akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Baba, nilijisikia mrefu kuliko kabati.

Kwa furaha ile, kidogo niwaombe wakuachie. Nikajizuia. Kama wewe uliweza kuzima pampu ukiwa nyumbani kwa neno Tone, na mwingine ataweza, naye hatakuwa na moyo wako. Miwani akanyoosha mkono aufunge mlango. Nikamwomba aniachie. Nikalifuta jina, nikaung'oa waya, nikausokota vizuri kama ulivyonifundisha kusokota kamba.

Kwa hiyo mwambie fundi aiache betri ya watu. Kompyuta yako haijaharibika, Baba. Ni mimi niliyeufunga mlango wako, na sijutii, ingawa najua asubuhi yako imepungua kitu.

Kiraka tulikibandika na maji hayakukatika. Kisha Valvu akaniita mbele ya wote, akasema aliyeweza kumfungia baba yake hatamfungulia yeyote. Majaribio yamekwisha. Mimi sasa ni mwendeshaji kamili, nakaa kwenye kile kiti ulichokuwa unakaa wewe. Bado kinalia upande wa kushoto.

Nimemuuliza Valvu jambo moja zaidi, naye amekubali. Kiasi cha maji si siri, kwani kimechorwa ubavuni mwa tangi, kila apitaye barabarani anakiona. Basi kila asubuhi, kabla chai yako haijapoa, nitakupigia nikwambie maji ya tangi la juu yamefika wapi na ya la chini yamefika wapi. Hapo weka spika, na uani wasikie mwanao anafanya kazi gani.

Wasalimie wote, na yule mama aliyenijibia juzi umshukuru. Mkeo mdogo ameamka, anaivuta karatasi. Na jina langu, Baba, usilifungulie tena kitu chochote. Liite tu, nitaitika.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Tone