Vilivyokaangwa Upande Mmoja

Jumapili, 8 Juni 2025

Baba yetu mzazi. Baba Mdogo Eliasi, msemaji wa ukoo. Ndugu zangu Frederick na Sifaeli. Mawifi zangu, Mama Brenda na Namnyaki. — Ndivyo nitakavyowataja Jumamosi nitakapofungua kikao. Ajenda ni moja: Baba akaishi wapi. Tangu tumzike Mama mwezi Machi, anakula kama anayewafanyia wengine hisani. Kilo arobaini na nne! Daktari amesema wazi: asipokula, atarudi wodini kwenye dripu. Brenda, binti wa Frederick, anayempikia kwake Nkoaranga, wiki ijayo anakwenda fildi ya chuo Dodoma. Baada ya hapo jiko la Mama halina mtu.

Azimio nimeshaliandika. Baba aje kwangu mjini, Elerai. Chumba kipo, bafu lina maji ya moto.

Leo baada ya ibada nilimpelekea mtori wa ndizi na nyama. Vijiko vitatu. Kisha akafunika bakuli kwa kisahani, taratibu, kama karani anayefunga faili.

Ndipo akaingia Namnyaki, mke wa Sifaeli, na hotpoti lake. Aliwahi kupika kambini kwa Wachina wajenzi wa barabara. Sasa anapika mgahawani mjini, na kila Jumapili hutuletea elimu yake. Visambusa! Vimepauka juu, vimeungua chini, mfano wa masikio ya mtu aliyelala na homa. Yeye huviita jiaozi. Nilimwuliza, kwa adabu, kama gesi ilimwishia kabla ya kugeuza upande wa pili.

"Havigeuzwi, wifi." Akacheka! Eti huwekwa mafuta, vikikauka chini humwagiwa maji, vikafunikwa.

Baba alikula tisa.

Jumatatu, 9 Juni

Frederick amepiga simu. "Dada, mzee kala tisa? Basi kesi imekwisha." Huyu ndiye mdogo wangu: kila tatizo kwake ni fyuzi, ukibadilisha taa zinawaka. Nilimwuliza nani atampikia Jumatatu hadi Jumamosi. Akasema mtandao unasumbua.

Nimeamua. Nitavipika mwenyewe, na Baba atavila Elerai. Mtu aliyefundisha kemia miaka thelathini na moja hashindwi na unga na kabichi.

Jumatano, 11 Juni

Aibu.

Nilikanda unga kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na vijiko viwili vya mafuta, kama chapati, kama wafanyavyo watu wote wenye akili timamu. Nyama ya nguruwe ya kusaga, kabichi, tangawizi, majani ya kitunguu. Nikakunja ishirini na vinne. Nikavipanga kikaangoni kama gwaride.

Vikafunguka. Vyote! Midomo wazi, nyama nje. Mkono wangu wa chapati ukavigeuza kabla sijaukataza, vikavunjika. Nikakumbuka maji. Kumwaga maji kwenye mafuta ya moto — hakuna mama wa Meru aliyepata kumfundisha bintiye upuuzi huo! Nikamwaga. Mafuta yakaruka hadi pazia. Nimeungua kifundo cha mkono. Masalia nilimpa mbwa, naye alizunguka sahani mara mbili kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia Namnyaki. Sentensi hiyo fupi imenigharimu asubuhi nzima.

"Shikamoo wifi. Uliweka mafuta kwenye unga?"

Vijiko viwili, nilisema. Akaelewa.

"Ndiyo maana. Penye mafuta ukingo haushikani. Unga na maji tu, wifi. Ukande, ulaze nusu saa chini ya bakuli. Ukingoni pitisha kidole chenye maji, ubane. Na ukimwaga maji, mfuniko uwe mkononi tayari, usitafute. Huko juu vinaivishwa na mvuke."

Nyuma yake nilimsikia Sifaeli: "Mwulize vimepata divisheni ngapi!" Ana miaka arobaini na moja, na hajawahi kumaliza lolote isipokuwa kicheko. Nilikata simu bila kuaga. Ni kosa la adabu. Nalikiri hapa, si kwingineko.

Lakini mafuta na maji! Somo hilo nimelifundisha mwaka baada ya mwaka, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Dharau yangu kwa Sifaeli ni kubwa. Leo haikuwa peke yake; nami nilikuwa na fungu langu.

Ijumaa, 13 Juni

Vimeshikana. Kumi na vinane, chini rangi ya dhahabu, juu laini. Nilivipandisha Nkoaranga vikiwa bado vya moto. Ukungu ulishuka hadi kwenye migomba. Kile kijia cha kupandia ni utelezi mtupu.

Baba alikula saba. Nilikaa nikimhesabia kwa macho kama msimamizi wa mtihani. Kisha nikamwuliza kilichonikera wiki nzima: mtori, chakula alicholelewa nacho, anakisukuma, hivi vitu vya kambini anavimaliza. Kwa nini?

Akajibu kwa Kimeru, bila haraka. Alisema kila kijiko cha mtori anautafuta mkono wa mama yetu na kuukosa. Hivi havimkumbushi mtu yeyote. Anaweza kuvila.

Nikasema basi, uje Elerai, nitakupikia kila siku.

"Catherine," akasema, "mimi nina kwangu." Akatazama dirishani. Kaburi la Mama liko hatua thelathini kutoka pale.

Sikumbishia. Nimelichana azimio.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika pembeni mwa meza, sebuleni kwa Baba, kikao hakijafungwa.

Baba Mdogo Eliasi alizungumza dakika arobaini. Alitufikisha kwa babu wa babu, akatuacha huko, akahitimisha kwamba "kina mama watajua la kufanya." Frederick alipendekeza maikrowevu. Maikrowevu! Mama Brenda alitazama saa. Sifaeli, kwa sauti ya mtu mwenye kujitoa mhanga, akasema Namnyaki aache kazi, ahamie huku.

"Mume wangu," akasema Namnyaki, "tangulia wewe kuacha yako, nitakufuata."

Hata Baba alitabasamu. Namnyaki akaendelea: "Jumapili ni yangu, sijawahi kuikosa. Siku sita zilizobaki, nanyi mna mikono."

 Watu wazima wakitazama viatu vyao! Baba katikati yao, anajadiliwa kama mpaka wa shamba. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya walimu; sijaona woga uliovaa vizuri kiasi hiki. Na mwanamke niliyemweka mwisho wa orodha ndiye peke yake aliyesema jambo.

Nikasimama.

"Ndugu wajumbe. Baba hahami. Siku ni saba, sisi ni sita. Jumapili ni ya Namnyaki. Mimi nachukua mbili. Wengine wanne, kila mmoja siku yake: analala hapa, anapika hapa. Na leo hakuna atakayeondoka kabla hajakunja kumi visivyofunguka kikaangoni."

"Dada, mimi ni mwanaume—" Frederick akaanza. Nikamwambia kinywa chake hakijawahi kuuliza jinsia ya mpishi.

Namnyaki amemwaga unga mezani, ameweka kijiti cha kusukumia na sufuria la nyama. Anasubiri. Hakuna aliyesogea. Mama Brenda anakunjua mikono ya blauzi, au anajikuna tu, sina hakika. Baba amegeuza kiti chake kuelekea meza.

Nimesimama tena, nikamgeukia msemaji wa ukoo: "Baba Mdogo, tafadhali vua koti. Maji ya kunawa yako mlangoni."