Siku Niliyomwambia Daktari, "Niulize Mimi"

Jumanne, Litein. Ukungu ulikaa juu ya majani ya chai mpaka saa nne, kisha jua likatoka kwa ghafla. Mwili umechoka, lakini roho iko juu.

Leo nimesema ukweli.

Nina miaka sitini na sita. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha chai mpaka nikastaafu. Nina skizofrenia tangu nikiwa na miaka thelathini na moja. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu nyumbani halitajwi. Nyumbani husemwa tu "ule ugonjwa wa Mama".

Miaka yote hiyo dawa zangu zimeshikwa na wengine. Kwanza mama yangu, halafu marehemu mume wangu, sasa binti yangu Akoth. Huzifungia kabatini, jioni ananipa kidonge na maji, na kliniki yeye ndiye huongea. Ananipenda, najua. Lakini mimi hukaa pale kama gunia lililoletwa kupimwa.

Wiki tatu zilizopita, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, mikono ilinitetemeka nikammwagia mke wa pasta chai mapajani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Tangu jioni hiyo nimekuwa nikificha kidonge chini ya ulimi, Akoth akigeuka nakitema.

Mikono ilitulia kidogo, nikafurahi. Kisha usingizi ukapungua. Juzi mtangazaji wa redio akaanza kunisema mimi, na sauti zikarudi. Najua njia hiyo inaelekea wapi. Nimewahi kuipita.

Niliogopa, na bado nilitaka kunyamaza.

Leo kliniki, daktari, msichana wa Kipsigis asiye na haraka, alimwuliza Akoth, "Kogo anaendeleaje?" Ndivyo wanavyowaita nyanya huku. Kabla Akoth hajafungua mdomo nikasema, "Daktari, niulize mimi." Nikatoa yote.

Akoth alilia. "Mama, mbona hukuniambia?"

Nikampa kitambaa changu afute machozi.

Daktari hakunigombeza. Alisogeza kiti karibu. "Kogo, wewe unajua nini kuhusu dawa yako?"

Miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Najua ni nyeupe," nikasema, "na inamezwa jioni."

Basi akanieleza polepole. Kutetemeka kunaletwa na dawa, si uzee wala laana, na dawa inaweza kubadilishwa. Hatari ni kuiacha kimyakimya. Akaniandikia nyingine, kisha akasema, "Sasa nieleze wewe, kama mimi ndiye mgonjwa." Nikakosea mahali pamoja: nilidhani nikisahau leo, kesho nameza viwili. "Hapana, Kogo. Kimoja tu." Nikarudia mpaka nikapata. Nikaandika na dalili zangu kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zimepinda lakini zinasomeka: nikikosa usingizi siku mbili, redio ikianza kunisema, nimpigie daktari simu. Nisingoje tarehe ya kliniki.

Tulipofika nyumbani tulikaa jikoni tukichambua maharagwe. Mwishowe Akoth akasema dawa nitaziweka mwenyewe, na kila Jumapili tutazihesabu pamoja. Nikakubali. Baada ya uwongo wangu, hiyo ni haki.

Halafu, bila kuniangalia, akauliza, "Mama, hizo sauti husema nini?"

Hata baba yake hakuwahi kuuliza.

Nikamwambia. Sasa hivi zinasema geti liko wazi na ng'ombe ametoka.

Akoth aliweka ungo chini, akavaa gambuti, akatoka. Alirudi matope yakiwa mpaka kifundoni. "Limefungwa, Mama. Ng'ombe anakula."

Nilikuwa karibu kuwa na uhakika kwamba limefungwa. Lakini miaka yote, sauti zinaponijia, nimekuwa nikienda kuangalia peke yangu, kwa siri, mara tano, mara kumi.

Kesho akiniuliza tena, nitamjibu tena.