Telegramu ya Baba Imenishinda Kusoma

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Mwanetu Mghoi ametoka sasa hivi kuitia mdomoni telegramu ya Kaka Mwadime. Nimemfungua taya kwa kidole nikaitoa, imelowa pembeni, naye akaniangalia kama mimi ndiye mwizi. Meno mawili ya chini yameshatoka, ndiyo maana kila kitu ni chakula.

Mko aje huko Wundanyi? Mama anaendeleaje na magoti, na baridi hii ya milimani? Sisi hapa Isiolo miili ni mizima, tumshukuru Mungu. Upepo wa mchana bado unatutilia vumbi kwenye unga. Baba Mghoi yuko kazini kambini, upande wa Burat. Lakini mimi tangu juzi, telegramu ilipofika, sili nikashiba. Kaka ameandika hivi: BABA ANAUMWA KIDOGO USISUMBUKE KUJA. Basi. Hakuna kingine.

Mtu mwingine angesoma akashukuru. Mimi siwezi, na nitakueleza sababu.

Hapa Wabera, kwenye ploti yetu, mimi ndiye niliyefika darasa la saba, kwa hiyo telegramu za akina mama wote huletwa kwangu. Unajua zilivyo. Kila neno linalipiwa, kwa hiyo watu hukatakata maneno mpaka inabaki mifupa, na msomaji ndiye wa kutia nyama. Mwanzoni nilisoma mifupa tu. Jirani yangu Halima, Mborana wa Garba Tulla, mama ambaye nilipojifungua ndiye aliyeniogesha kama wewe ungeniogesha, aliletewa yake mwaka jana. MZEE MGONJWA SANA NJOO NA WATOTO WOTE. Nikamsomea, nikamwambia, "Pole, Mama Guyo. Baba atapona. Umpelekee dawa ya hapa hospitali."

Akaigusa karatasi kwa kidole. Kisha akasema, "Soma tena ile ya mwisho."

"Njoo na watoto wote."

Akaanza kukunja nguo za watoto. Nikamuuliza mbona anaharakisha hivyo, akasema polepole, wasimsikie, "Mgonjwa hasumbuliwi na watoto wote, dada. Wameshamzika. Sisi Waislamu hatulazi maiti. Naitwa kwa dua."

"Basi mbona hawakusema?"

"Waseme, halafu mimi nianguke njiani na nani ashike watoto?"

Ilikuwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nilijifunza kusoma na yale yasiyoandikwa. Nani ametuma, kwa nini yeye na si mkubwa wake, neno gani limelipiwa na halikuwa na kazi. Nikawa nikipatia mara nyingi. Akina mama wakaanza kusema kichwa changu ni cha wakili. Hata Baba Mghoi, ambaye jeshini kazi yake ni kupokea ujumbe wa mkato kwenye redio, hunitania. "Mimi nilisomeshwa na serikali, wewe umejisomesha jikoni." Yeye huamini kabisa kwamba kufumbua maneno mafupi kunanoa akili, kama vile vitendawili alivyotutegea Baba tukipura maharagwe. Na mimi niliamini, Dada. Nilijiona nimeongezeka.

Sasa nauliza ni akili gani hii. Nimeigeuza telegramu yenu mpaka imelegea mikunjo. Kama ni kidogo, kwa nini Kaka aende posta alipie? Si angeandika barua tu? Na nani alimwambia nataka kuja, mpaka anikataze? Halafu naigeuza upande wa pili. Labda ni Baba mwenyewe amemtuma, kwa sababu anajua maneno hutembea na watu wa sokoni, akaogopa nisikie vibaya nibebe mtoto mchanga safari yote hiyo. Hiyo inafanana na Baba. Nikilala nayo hii, naamka na ile. Kujua namna watu wanavyoficha hakujaniambia Baba yu hai au la. Kumeniondolea tu ule usingizi ambao asiyejua angelala.

Jana nilimsomea Halima. Hakuomba nirudie. Alisema, "Hii si ya kusoma. Ni ya kwenda." Nikamwambia Baba Mghoi amenyimwa ruhusa ya kunisindikiza, na mimi barabara ile peke yangu na mtoto naiogopa. Baba Mghoi alikubali niende nikipata gari la mtu tunayemjua. Sijapata. Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo nakuomba, Wakesho, wewe uliyenibeba mgongoni. Usinifupishie. Niandikie anaumwa nini, anakula nini, anakaa au analala tu. Kama ni mabaya, yaandike mabaya yenyewe, kwa majina yake. Nitaanguka, ndiyo, lakini Halima yupo, atamshika mtoto. Na kama ni mazuri, niandikie hata alivyokohoa.

Msalimie Mama, umwambie mjukuu amechukua pua yake. Shangazi Mkawasi, yule wa vikapu vya katani, umwambie nilichokuja nacho bado ndicho kinachobeba nguo za mtoto. Kaka Mwadime asinikasirikie kwa maswali haya, najua naye alitumwa. Na Baba, ukienda kumpa uji, kaa karibu na sikio lake la kulia umwambie kwamba mimi

Ngoja, Halima ananiita mlangoni. Anasema lori la mbuzi la kaka yake linashuka Nairobi sasa hivi, mbele kuna nafasi, na huko kaka huyo atanipandisha mwenyewe basi la Voi. Anasema niache kalamu nibebe mtoto na