Mvua ya Maeneo Machache

Mabatini,
Mwanza.
30 Machi 2025

Mpendwa kaka Luhaga,

Shikamoo kaka. Ni mimi mdogo wako Dorotea. U hali gani wewe, wifi Evelina na watoto? Mgongo umepoa, au bado unalala chini ya malori ukiyatengeneza kama kijana wa miaka ishirini? Huku hatujambo. Shule inaendelea, darasa la sita wako tisini na wanne katika chumba kimoja, na sauti yangu imebaki nusu.

Mama naye ni mzima. Hilo nilikwambia kwenye simu, ukasema Mungu mkubwa, mtandao ukakatika. Nimeona nikae chini nikuandikie, kwa sababu jambo hili halitaki kukatwa katikati. Barua atakuletea Bashiru, dereva anayepakia mzigo pale Nyakato. Anaondoka kuja huko Lubumbashi Idi ikiisha.

Unajua Mama alivyokuwa ameikataa habari ya hospitali. Tangu mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, mwaka wa nne huu, alijifunga kitambaa usoni kwa kuwa jua lilimchoma, akakaa hivyo pale kisiwani Nansio akiongozwa na mjukuu wake Gladness. Kila tuliposema tumpeleke akapasuliwe, alijibu kwamba macho yake yamekufa, na kilichokufa hakipasuliwi, huzikwa. Wewe ulimbembeleza, padre alimbembeleza, mimi nikagombana naye hadi nikanuniwa Krismasi nzima. Mwezi huu wakaja Mwanza madaktari wa macho, kwa siku tano tu, mwisho wao Jumapili ya tarehe 23. Safari hii alikubali kuja, lakini alimwambia Gladness kwamba anakuja ili tumwache apumzike. Nami sikujali sababu, nilichotaka ni avuke.

Sasa nisikilize kosa langu, kaka, maana sijamwambia mtu mwingine lote. Ijumaa jioni redio ilisoma utabiri wa mwisho wa wiki kwa Kanda ya Ziwa. Ilisema hewa ya baridi inasogea kutoka kusini, na mbele yake zinatarajiwa mvua kubwa za ngurumo, upepo mkali na mawimbi, katika maeneo machache ya mwambao na visiwa. Mama alinipigia kwa simu ya Gladness kuuliza kama angoje. Mimi katika maneno yote yale nikashika mawili, maeneo machache. Nikamwambia machache ni machache, ziwa lote hili mvua itakosa pengine pa kunyesha? Akasema haya, wewe ndiye mwalimu.

Jumamosi alfajiri kivuko hakikuondoka Nansio, kwa ajili ya tahadhari hiyo hiyo. Gladness akapiga tena. Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikawaambia wapande boti ya Ndalahwa, ile ya mbao yenye injini, iliyokuwa inaleta machungwa soko la Mwaloni.

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa, kaka, nikashindwa na maneno mawili. Maeneo machache si mvua kidogo. Maana yake ni kwamba patakapopigwa ni pachache, lakini patapigwa kwelikweli. Na kila anayesikia machache hudhani ni ya jirani.

Saa tatu na nusu nilikuwa Mwaloni Kirumba kuwapokea. Jua lilikuwa kali, akina mama wameanika dagaa, ziwa limelala kabisa. Kisha makorongo yaliyokuwa yakizengea utumbo wa samaki yakaruka yote kwa pamoja yakaenda kutua milimani. Upepo ukaja kutoka ziwani, wa baridi, kaka, baridi ya kufungua mlango wa jokofu, nikaona mikono yangu imesimama vinyweleo. Nilipotazama mbele, upande wa magharibi hapakuwa na mbingu. Palikuwa na ukuta.

Sijui nikueleze vipi. Sisi tumekulia ziwani na mvua tunazijua, lakini ile sikuwahi kuiona. Chini ulikuwa mweusi wenye ubuluu, juu umechanua mweupe mpaka shingo inauma kuutazama, na ulikuwa unatembea. Visiwa vikawa vinazimika kimoja baada ya kingine. Radi haikuwa ikipiga mara moja moja kama tulivyozoea, ilisimama ndani ya maji kama miti, mitatu minne kwa wakati mmoja, na maji chini yake yakawa ya kijani. Ngurumo niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Soko lote lile la kelele likageukia ziwani, hata wapagazi.

Nitakuungamia jingine. Kwa muda, sijui dakika ngapi, nilisahau kwamba Mama yumo humo. Nilisimama mdomo wazi nikisema moyoni, Mungu wangu, kumbe uko hivi. Ilikuwa nzuri, kaka. Nilipokumbuka nani yuko ndani ya ule uzuri, nilikaa juu ya kreti la samaki. Tena mimi ninayewacheka watu kila mwaka kwa kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu wakati wa radi, nilikivua kilemba changu chekundu nikakikalia.

Mvua ilipofika haikuwa matone. Ilikuja pamoja na mawe ya barafu, mabati yakalia kwa namna ambayo ukipiga yowe hujisikii mwenyewe. Nilipiga simu ya Gladness, haipatikani. Nikampigia Ndalahwa, haipatikani. Nilimfikiria ndugu yetu Pius, jinsi ziwa hili hili lilivyomchukua, na kwamba sasa nimempelekea mama yake na binti yake wa pekee kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuweza kulia wala kusali. Nilihesabu tu ngurumo.

Ilichukua saa nzima kupungua. Kisha pale maji yanapogusa mawe, nikaona chungwa. Nikaona la pili. Baada ya muda yalikuwa mamia, yanakuja yakipanda na kushuka, na watu wakaingia na mabeseni kuyaokota wakifurahi. Mama mmoja alinipa mawili, akaniambia Mungu ametugawia. Nilikuwa nimeyashika, moja mkono huu na moja mkono huu, nisijue niyaweke wapi.

Saa nane mchana boti ya Ndalahwa ilitokea nyuma ya kile kisiwa cha mawe, bila injini, inavutwa na mtumbwi wa wavuvi. Nilihesabu vichwa nikavichanganya, nikaanza upya. Gladness alikuwepo. Kando yake alikuwepo Mama, amelowa, hana kitambaa usoni, ameketi wima kama yuko kanisani. Niliingia majini na viatu vyangu vya shule kwenda kumwomba msamaha. Nilipomshika mikono hakuningoja nimalize.

"Dorotea," akasema, "nimeuona mwanga."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa baridi. Ni Gladness aliyenieleza jioni, tukiwa tumemvika Mama masweta mawili na kumpa uji. Alisema upepo uliwakuta karibu na kile kisiwa, injini ikazimika, Ndalahwa akaamuru machungwa yamwagwe ili boti ielee. Radi ilikuwa juu yao na pande zote. Abiria wote walijifunika nyuso kwa kanga, kwa magunia, kwa chochote, na Ndalahwa mwenyewe alikuwa ameinama anavuta kamba ya injini. Upepo ulikuwa umemvua Mama kile kitambaa chake, naye hakuona sababu ya kufumba macho anayoyaita maiti. Basi Gladness akasimama kumwaga maji kwa sufuria, boti ikayumba, naye Mama akanena kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Keti chini, Gladness. Unatuangusha."

Kaka, hakuna aliyemwambia kwamba Gladness amesimama. Katika boti nzima wenye macho walikuwa wameyafumba, na aliyekuwa anaona ni kipofu wetu. Alisema baadaye kwamba radi ilipopiga aliona weupe, na ndani ya weupe mtu mweusi mrefu, ameshika kitu. Akajua ni mjukuu wake. Gladness aliketi, boti ikatulia, mawimbi yakawasukuma hadi nyuma ya mawe, na hapo wakajishikiza mpaka ilipopita.

Usiku ule hakuulizia boti wala mvua. Aliuliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Jumapili saa moja asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni, na daktari alipommulika kwa tochi Mama alimwambia hiyo ni ndogo, ameona kubwa kuliko hiyo. Wakacheka, wakampasua jicho la kulia.

Jumatatu, madaktari wageni wakiwa wameshaondoka, muuguzi alimfungua bandeji. Gladness alikuwa amepiga magoti mbele yake. Unakumbuka Mama alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa miaka kumi na tano. Amekua, kaka, na amekua katika uso wa Pius, paji lile lile, meno yale yale. Sisi tumezoea, hatukufikiri kumwambia Mama. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Midomo yake ilitaja jina la Pius, lakini sauti haikutoka. Akamshika mashavu, kisha akaiondoa mikono na kuiweka mapajani, akaendelea kumtazama kwa jicho tu. Muuguzi alitoka nje. Mimi nikageukia dirisha nikalia kilio chote nilichokosa Mwaloni.

Kelele zangu zikamfanya anitazame na mimi. Akasema kumbe nimezeeka hivi, na sauti yangu haijawahi kumwambia.

Nilimwomba msamaha kwa ile simu ya Ijumaa. Alisema nisijifanye ndiye niliyeileta mvua. Ila aliniambia pia, na hapa hakucheka, kwamba nikisoma tena jambo kwa niaba ya mtu, nisome mpaka mwisho. Nimelichukua hilo, na siku hizi nikiona wingu ziwani nasimama kulitazama kwa heshima.

Sasa limebaki jicho la kushoto, na hapo ndipo unapoingia wewe. Hospitali ilimpangia Juni, akaikataa tarehe. Nilimwambia utapigwa picha uitume, akasema picha zako ameshikishwa miaka minne, karatasi ni karatasi. Alimwambia muuguzi aandike kwenye faili kwamba jicho hilo ni la Luhaga, na halifunguliwi mpaka Luhaga awe ameketi mbele yake pale alipopigia magoti Gladness. Muuguzi aliandika, nimeona kwa macho yangu. Miaka saba umetuambia utakuja mwakani, kaka. Mama ana miaka sabini na nane, na amekubali kubaki na jicho moja kwa ajili yako.

Nisalimie wifi Evelina na wanao wote, waambie shangazi yao anawapenda. Baba mkubwa Yakobo anakusalimu, na Gladness anakuamkia, shikamoo baba. Mungu akulinde barabarani na majini, na siku atakayotaka kutuonyesha ukubwa wake, atuache tukiwa hai kusimulia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Dorotea