Hakuna Swali la Kikapu

Jumanne, Sosiot.

Eti nikipita kati ya rafu za supamaketi, kizunguzungu kinazidi? Mimi, mchuma chai! Nikamjibu huyo dada aliyekuja zahanati kutuuliza maswali ya utafiti wa masikio na kizunguzungu: hapana, supamaketi siingii. Nikipanda lifti je? Hapana.

Hakuuliza kuhusu kikapu mgongoni, mteremko wenye matope, shamba likipinduka kila nikiinama. Nimeanguka mara mbili. Msimamizi anasema nimelewa, na naogopa atanifuta kazi. Nikaanza kumweleza huyo dada, akanikatiza: "Mama, sema tu ndio ama hapana."

Akajumlisha alama za majibu yangu. "Shida yako ni kidogo sana, mama." Upuzi!

Nikasimama, chumba kikazunguka, nikashika meza yake nisianguke.

"Mama, usiegemee hapo," akasema bila kuniangalia. "Utaangusha kompyuta."